Wazee wa Vita vya Kagera na kazi za kujitolea kwenye miji midogo ya Dodoma: ni jeshi liliwafunza au kuna kingine?

Chilonwa77 (#1)
Mbukwenyi wakuu.

Kuna mzee mmoja kwenye mji mdogo wa barabara ya Morogoro, jina nalihifadhi. Mwishoni mwa 1978 aliondoka na mgambo kwenda Kagera, akarudi mwaka uliofuata. Tangu hapo amekuwa mwangalizi wa mashine ya maji, mtunza daftari la misiba, mfundishaji wa huduma ya kwanza kwa vijana wa ulinzi, na msimamizi wa mawe kwenye korongo linalotishia kula uwanja wa shule. Hajawahi kulipwa kwa lolote kati ya hayo. Sasa magoti yamegoma. Kazi zake zimegawiwa kamati nzima na bado zinayumba: mashine ya maji ilikaa kimya msimu mzima wa kiangazi.

Ukizunguka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa hadi Manyoni kule, utakuta mzee wa aina hii karibu kila mji. Hoja yangu: ni jeshi lililowatengeneza. Mwenye maelezo mengine alete, ila alete ya kazi yenyewe, si sifa.

Kijiwe_Nyerere Square (#2)
Naunga mkono hoja. Hawa ndio waliotoka Mutukula hadi Kampala kwa miguu. Aliyeingia Kampala Februari 1979 hawezi kushindwa na pampu.

Mnyampaa_Bahi (#3)
@Kijiwe rekebisha hapo. Februari 1979 ni Masaka, tarehe 24. Lukaya ni Machi 10 na 11, Entebbe Aprili 7, Kampala Aprili 11. Halafu si kila aliyekwenda alifika Kampala. Wengine walibaki nyuma kulinda njia za ugavi, na hao ndio walioshika spana kuliko bunduki.

FundiLista (#4)
Hapo kwenye mashine ndipo penye jibu. Maji ya Dodoma yako chini, visima vingi vya vijiji ni virefu, kwa hiyo pampu ya mkono haifiki. Vijiji vingi vilipewa injini ya Lista inayozungusha pampu ya Mono kwa mikanda. Huo mtambo ni rahisi lakini hausamehe uzembe. Asiye na utaratibu anaua pampu kwa dakika chache tu.

Utaratibu wa kuwasha ni huu. Kabla ya yote, pima oili kwa kijiti injini ikiwa imelala, yaani kabla ya kuwasha, si baada. Tazama dizeli, toa maji kwenye chujio. Pima mikanda: ukikandamiza katikati kwa kidole gumba ibonyee kidogo, unene wa kidole hivi. Ukilegea utateleza na kuungua, ukikaza sana unakula beringi za pulii. Mikanda ikiwa mitatu, badilisha yote mitatu kwa pamoja, maana mpya utabeba mzigo wa wenzake na kukatika wa kwanza. Fungua geti valvu upande wa kwenda tangini. Hapo sasa inua kile kiwiko cha kuondoa mgandamizo, zungusha hendeli, ikishika kasi angusha kiwiko.

Kinachoharibika: Mono ndani ina rota ya chuma inayozunguka kwenye stata ya mpira, na mpira ule unalainishwa na maji yenyewe. Kisima kikishuka ukaendelea kuzungusha, mpira unaungua. Kuibadilisha inabidi uinue mabomba yote kutoka kisimani kwa kapi na miguu mitatu, bomba kwa bomba na shafti yake. Hiyo kazi si ya mtu mmoja, na gharama yake ndiyo inayoacha vijiji vikinywa maji ya lambo.

Mzee mwenye nidhamu anaandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na lita za dizeli. Matumizi yakipanda bila maji kuongezeka, anajua pampu imechoka au kuna mtu anafyonza dizeli.

Dada_Hogoro (#5)
😂 Hiyo ya kufyonza dizeli ndiyo sababu kuu ya mzee kuchaguliwa. Hana shemeji mwenye pikipiki ya dizeli.

Kijiwe_Nyerere Square (#6)
Pikipiki ya dizeli iko wapi dada?

Dada_Hogoro (#7)
Trekta basi, jamani. Mmenielewa.

Kilimatinde_Juu (#8)
@FundiLista umesema vizuri ila usizifute pampu za mkono. Mabondeni, kando ya mito ya mchanga, zipo Afridev zinazofanya kazi mpaka kesho, na ndizo wazee wengi wanazozimudu kwa sababu zilibuniwa zitengenezwe na mwanakijiji. Zinafaa hadi mita 45 hivi.

Uzuri wake, silinda iko wazi juu, hivyo unatoa pistoni na valvu ya chini bila kung'oa bomba. Unafungua kifuniko cha kichwa, unalegeza pini mbili (ya fulkramu na ya hanga), unatoa mpini, kisha unavuta fito moja baada ya nyingine. Kisima cha mita 30 kina fito kama kumi. Fito zilazwe juu ya miti, zisiguse mchanga, maana punje zikishuka nazo zinakata yuu-sili (mpira wa kuziba kwenye pistoni) ndani ya wiki. Pistoni ikishatoka, unafunga ile ndoano ya kuvulia kwenye fito, unashusha, unashika valvu ya chini na kuivuta.

Kutambua ugonjwa bila kufungua kitu: iache pampu nusu saa bila kutumika, kisha upampu. Ikipita mipigo mitano kabla maji hayajatoka, valvu ya chini inavuja. Tazama oringi (pete ya mpira) na bobini (kizibo cha valvu). Maji yakitoka mara moja lakini kidogo, pampu mipigo 40 kamili kwenye ndoo. Ukipata chini ya lita 10, yuu-sili imekwisha. Mpini ukicheza kulia na kushoto na kupiga kelele ni bushi. Mpini ukiwa mwepesi kama hauna kitu, fito zimeachana huko chini.

Mpwapwa_Mjini (#9)
Shukrani @Kilimatinde, hii watu wanaipigia picha. Ongeza moja: penye maji ya chumvi fito za chuma cha kawaida zinaliwa kwenye maungio. Weka za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei inauma.

Mnyampaa_Bahi (#10)
Turudi kwenye swali. Mimi nasema si jeshi, ni udereva. Mwaka 1978 mabasi na malori ya raia yalichukuliwa kwenda vitani, na utingo na mafundi wao wakaenda nayo. Huko ilikuwa lazima gari litengenezwe porini bila spea. Aliyerudi na ujuzi huo ndiye aliyeweza kuiamsha Lista. Watembea kwa miguu wengi walirudi kushika jembe na hakuna aliyeanzisha uzi juu yao.

Chilonwa77 (#11)
@Mnyampaa hiyo inaeleza mashine. Haielezi daftari la misiba wala korongo.

Korongo_la_Haubi (#12)
Korongo nalieleza mimi. Kwa upande wa Kondoa, kumbukeni HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko, vilima vya Irangi. Mwaka huohuo vijana walikuwa wakirudi kutoka Uganda. Wakakuta kazi ya mikono inayotaka watu waliozoea kupangwa kwa makundi. Kwa hiyo ni HADO iliyowashika, siyo vita.

Kazi yenyewe wengi wanaikosea. Kwanza laini ya kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kukatisha mteremko. Funga fremu ya herufi A: miti miwili ya mita 2 hivi, upau katikati, kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapopita kwenye upau. Geuza miguu ipokezane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa. Asiyefanya hivyo anachora mteremko akidhani ni kontua, na mvua ya Januari inamkumbusha.

Fanya juu: mfereji sentimita 60 upana na 60 kina, udongo unatupwa upande wa juu, ukiacha ukingo mtupu wa sentimita 15 hadi 30 ili usirudi mferejini. Juu ya tuta panda majani mara moja, la sivyo mbuzi na mvua watalisawazisha.

Korongo lenyewe ni mawe. Hapo kosa kubwa ni kujenga ukuta ulionyooka juu. Katikati lazima pawe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo. Na ncha zake zizame kwenye kingo, nusu mita kila upande. Usipozamisha, maji yanazunguka ukuta, yanachimba ukingo, na korongo linapanuka kuliko ungeliacha. Chini ya pale maji yanapoangukia tandaza mawe makubwa. Umbali wa ukuta mmoja hadi mwingine: kichwa cha ule wa chini kilingane na mguu wa ule wa juu. Anzeni juu kwenda chini, si kinyume.

Dada_Hogoro (#13)
Mzee wa Chilonwa alianzia wapi?

Chilonwa77 (#14)
Juu. Shule ilianzia chini kabla yake, ukuta ukaondoka na mvua moja.

Ntyuka_Hoja (#15)
Mnamsahau Mwalimu. Operesheni Dodoma ya 1971 ilikusanya watu wa koo na vitongoji tofauti mahali pamoja. Kijiji kipya hakina mzee anayekubalika na wote, kila ukoo una wake. Aliyekwenda vitani anarudi akiwa hana upande, amelala handaki moja na Mhaya, Mkurya na Mmakonde. Ndiyo maana anapewa daftari la michango. Hamna uhusiano na spana.

MzeeWaMtaa (#16)
@Ntyuka hiyo nadharia nzuri ila ina tundu. Kondoa mjini na Mpwapwa ni miji ya zamani, ya msafara na ya Wajerumani, haikuzaliwa na Operesheni. Nako wapo. Kingine, kabla ya hawa walikuwepo askari wa Keya (KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki) waliopigana Madagascar 1942 na Burma 1944. Nao walirudi Ugogo. Mbona hatusikii kwamba walishika kamati?

Kilimatinde_Juu (#17)
Walishika. Wengi waliwekwa matarishi, walinzi, wasimamizi wa mnada. Ila ile ilikuwa kazi ya serikali ya mkoloni yenye mshahara, haikuwa kujitolea. Na Ugogo ulikuwa bado unaikumbuka Mtunya, njaa iliyofuata vita ya kwanza ya Wazungu, pale majeshi yalipokomba nafaka, ng'ombe na wapagazi. Van Deventer wa upande wa Waingereza na Lettow-Vorbeck wa Wajerumani walipigana Kondoa-Irangi Mei 1916, na aliyelipa ni mkulima. Sare haikuwa na heshima hiyo wakati ule.

Kijiwe_Nyerere Square (#18)
Na Kongwa je? Kuanzia 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO wakaja, ANC, SWAPO. Samora Machel alikuwa pale. Watu wa Kongwa walizoea wanajeshi kabla ya Kagera.

MzeeWaMtaa (#19)
Walizoea kuwauzia kuku. Sijui hilo linahusiana vipi na matuta 😄

Sista_Mvumi (#20)
Tunaongea kana kwamba kujitolea ni mashine na mawe. Tuizungumzie na huduma ya kwanza, kwani hapo mafunzo ya jeshi yanaonekana wazi, na hapo ndipo mafundisho ya mtaani yanaua.

Mtu akigongwa na kifutu: mlaze, mwambie asitembee, funga mguu na kijiti kama aliyevunjika ili usichezecheze, vua pete na bangili na kiatu kabla uvimbe haujaja. Andika saa aliyogongwa. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka, usifunge kamba ya kubana damu. Kamba ikikaa saa mbili njiani, mguu unaopotea ni kwa sababu ya kamba. Mpelekeni kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka, na apige mtu simu mbele kuuliza kama ipo, msizunguke na mgonjwa.

Machela ya magunia: magunia mawili ya mahindi, yale ya kilo 100. Kata pembe mbili za kitako cha kila gunia, midomo ielekeane, pitisha miti miwili ya mita 2 na kidogo. Funga vijiti viwili vya kukingama, kichwani na miguuni, miti isikaribiane ikambana mgonjwa. Watu wanne, wawili wa akiba. Tambarare, miguu itangulie. Mkipanda mlima, kichwa kitangulie. Wabebaji wasipige hatua pamoja kama gwaride, machela itaruka.

Mpwapwa_Mjini (#21)
@Sista hiyo ya mwisho ni kweli? Askari si ndio wa hatua pamoja?

Sista_Mvumi (#22)
Gwaride ni la uwanjani. Ukibeba mtu, wa mbele na wa nyuma wapishane hatua. Jaribu na gunia la mahindi uone.

Chilonwa77 (#23)
Hii inanirudisha kwenye hoja yangu ya jeshi. Daftari lake la misiba limepangwa vilevile: tarehe, jina la kaya, kilichotolewa (fedha, unga, kuni, nguvu kazi), sahihi au dole gumba, na mtu wa pili anayeshuhudia. Kila mwisho wa mwezi anapiga mstari mwekundu, anajumlisha, anasoma kwa sauti mbele ya watu. Vitu vya azima, yaani masufuria, turubai, sepeto, vina ukurasa wao: vimetoka vingapi, vimerudi vingapi, hali yake. Hiyo ni stoo ya kikosi kabisa.

Ntyuka_Hoja (#24)
Au ni duka la ushirika. Daftari la ujamaa lilikuwa hivyohivyo.

Bi_Chamwino (#25)
Nyote mmeruka jambo. Hilo daftari la unga na kuni linajazwa na nani jikoni? Mke wake. Vita ile iliondoa wanaume kwenye vijiji msimu wa kilimo, Novemba ndiyo mvua za kupandia zinakaribia. Waliobaki walilima, walichota maji na kuzika. Mzee aliporudi alikuta kamati ipo tayari na inaendeshwa na wanawake, akapewa uenyekiti kwa sababu ana nishani. Fuatilieni saini kwenye madaftari ya zamani mtaona mwandiko ni wa nani.

Kijiwe_Nyerere Square (#26)
Bi Chamwino ameufunga uzi.

Mnyampaa_Bahi (#27)
Hajaufunga, ameufungua upya. Ila pia hakuna aliyegusa mfuko. Askari wa kudumu aliyestaafu ana pensheni kila mwezi, ndogo lakini ya uhakika. Mkulima wa uwele ana mvua ya milimita mia tano na kitu kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, ikikatika Februari amekwisha. Nani ana nafasi ya kukaa kwenye mashine ya maji bila malipo? Kujitolea kunahitaji mtu ambaye chakula chake hakitegemei siku hiyo.

Chilonwa77 (#28)
Huyu alikwenda kama mgambo. Hana pensheni.

Mnyampaa_Bahi (#29)
Basi huyu amenivuruga. Lakini waliobaki?

MzeeWaMtaa (#30)
Wapo wa aina zote mbili, ndiyo shida. Na wapo waliorudi wakaishia kilabuni na pombe ya uwele mpaka wakafa, hao hatuwaandikii uzi. Tunawahesabu waliosimama tu halafu tunasema vita inatengeneza watu.

Sista_Mvumi (#31)
Hilo ni la kweli na halisemwi. Kuna wanaoruka mlango ukipigwa kwa kishindo hadi leo, na wasiosikia sikio moja kwa sababu ya mizinga. Mzee anayekaa karibu na Lista kutwa nzima huenda haisikii.

Wakili_wa_Kijiji (#32)
Samahani nawaingilia na jambo la matumizi, maana wengi wa wazee hawa wamevuka miaka 65 na familia zinahangaika.

Kwa mstaafu wa jeshi: sasa hivi, akiwa hai, wekeni pamoja namba ya jeshi, cheti cha kumaliza utumishi, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Tatizo kubwa ni majina. Wengi waliandikishwa kwa jina la babu au jina la nyumbani, kitambulisho cha taifa kina jina la ubatizo au la Kiislamu, cheti cha mtoto kina la tatu. Kiapo cha kuunganisha majina kikiapwa na mwenyewe kinamaliza mambo. Akishafariki kinakuwa kesi.

Akifariki, taarifa iende mapema kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, ndiye mlango wa jeshi huku kwetu. Msizike kwanza ndipo muulize mambo ya heshima za kijeshi. Kisha kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini za wote, mahakama ya mwanzo, kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi ana miezi 4 kurudisha Fomu namba 5 na namba 6, orodha ya mali na hesabu. Wengi wanadhani wakishapata barua ya usimamizi wamemaliza, wanalala, mwaka wa pili ndugu wanawafungulia shauri.

Dada_Hogoro (#33)
Asante sana Wakili. Na aliyekwenda kama mgambo?

Wakili_wa_Kijiji (#34)
Huyo hana mafao ya kurithisha, lakini mshauri wa mgambo aambiwe vilevile. Akiwa hai, kama hana uwezo, ana haki ya msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa apate utambulisho. Ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri hautamgusa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu.

Bi_Chamwino (#35)
Mkewe anaweza kuingia kwenye ile 4 ya wanawake kwa kikundi. Tena kikundi tayari kipo, ni kile cha unga na kuni.

Kijiwe_Nyerere Square (#36)
Kwa hiyo tumeafikiana nini? Jeshi, udereva, HADO, Operesheni, pensheni, wake zao?

Ntyuka_Hoja (#37)
Operesheni.

Korongo_la_Haubi (#38)
HADO.

FundiLista (#39)
@Chilonwa77 wakati hawa wanagombana, ile mashine iliyokaa kimya kiangazi kizima imepimwa? Kama inazunguka na haitoi maji, usikimbilie kuinua mabomba. Kwanza tazama kama shafti ya kichwani inazunguka au mikanda inateleza tu juu ya pulii. Pili shusha kamba yenye uzito kwenye tundu la kupimia upate usawa wa maji, uulinganishe na urefu wa mabomba ulioandikwa siku ya kufunga. Hizo namba zitakuwa kwenye daftari la mzee.

Chilonwa77 (#40)
Daftari lipo kwa mwenyekiti wa kamati mpya. Anasema analitafuta.

Dada_Hogoro (#41)
Muulizeni mke wa mzee. Nakala anayo.